Jinsi ya kuandikia jarida la historia la Marekani: kutoka kwenye waraka hadi meza ya mhariri

Jarida la American Heritage lilipoanza upya mwaka 1954, likiwa na jalada gumu kama kitabu na bila tangazo hata moja, aliyekabidhiwa kiti cha uhariri hakuwa profesa. Bruce Catton alikuwa mwandishi wa habari aliyeondoka chuo cha Oberlin kabla ya kumaliza masomo. Mwaka huohuo alipata Tuzo ya Pulitzer kwa kitabu chake cha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Barbara Tuchman, aliyeipata tuzo hiyo mara mbili, hakuwa na shahada ya uzamivu. David McCullough alisomea fasihi ya Kiingereza, akaajiriwa katika jarida hilohilo, na huko ndiko alikojifunzia kazi. Maprofesa nao waliandika, tena wengi. Allan Nevins wa Chuo Kikuu cha Columbia, mmoja wa waliopigania kwa miaka mingi liwepo jarida la historia linalosomeka na mtu wa kawaida, naye alikuwa ametokea magazetini.

Nimeanza na watu hao kwa sababu swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Bila PhD watanipokea?" Watakupokea. Kinachowafungia wengi mlango ni kwamba wanapeleka mada mahali panapotakiwa hadithi. Mimi mwenyewe pendekezo langu la kwanza lilikuwa na kichwa "Mahusiano ya Marekani na Zanzibar katika Karne ya 19". Lilirudi na mistari miwili ya kunishukuru. Nilikasirika siku mbili tatu, kisha nikalisoma upya kwa macho ya mtu asiyenijua, nikaona kwamba hata mimi nisingelisoma.

Mwongozo huu utatembea na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, ili usibaki na nasaha za hewani.

Hatua ya kwanza: toa hadithi ndani ya mada

Mada ni "biashara ya Marekani na Zanzibar". Hadithi ni hii: tarehe 30 Aprili 1840, merikebu iitwayo Sultana, mali ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, iliingia bandari ya New York ikiwa na tende, kahawa, karafuu, ngozi na pembe za ndovu. Mkuu wa safari alikuwa Ahmad bin Na'aman. Alikuwa amebeba zawadi za Rais Martin Van Buren, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu. Rais akakwama, kwa sababu katiba ya Marekani inamkataza kupokea zawadi za mfalme wa nje bila ridhaa ya Bunge.

Umeona tofauti? Kuna siku, kuna mahali, kuna mtu mwenye jina, na kuna jambo linalotaka kutatuliwa. Farasi wako bandarini, rais hawezi kuwapokea, na kuwarudisha ni kumvunjia heshima aliyewatuma. Msomaji atataka kujua yaliishaje. (Bunge liliruhusu zawadi zipokelewe kwa niaba ya serikali, na farasi wakauzwa.)

Jipime hivi: jaribu kuieleza makala yako kwa sentensi mbili kwa mtu anayesubiri daladala. Akiuliza "halafu?", unayo hadithi. Akisema "hongera", unayo mada.

Kuwa mwangalifu pia na hadithi zilizochoka. Safari ya Theodore Roosevelt ya mwaka 1909, alipoteremka Mombasa kwenda kuwinda kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, imeandikwa hadi imechakaa. Ukitaka kuigusa, tafuta upande ambao haujasemwa, kwa mfano wapagazi waliobeba mizigo ile.

Hatua ya pili: lisome jarida kama fundi, si kama mteja

Chukua makala tano za jarida unalolitaka. Usitafute kujua zinasema nini, tafuta zimejengwaje. Hesabu maneno. Angalia aya ya kwanza inaanza na tukio au na maelezo. Angalia nukuu ya kwanza ya mtu wa zamani inatokea aya ya ngapi. Je, mwandishi anajitaja? Tanbihi zipo au hazipo? Majarida haya ya umma mara nyingi hayachapi tanbihi, lakini usidhani kwamba hazitakiwi. Mhariri atakuomba kila chanzo pembeni, na hapo ndipo wengi huumbuka.

Kisha tafuta kama wameshachapisha habari yako. Kumpelekea mhariri kitu alichokichapa miaka mitatu iliyopita ni kumwambia kwamba humsomi.

Hatua ya tatu: nenda kwenye nyaraka

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo sisi wenye Kiswahili tuna mtaji ambao hatuutumii.

McCullough aliingia kwenye kitabu chake cha kwanza kwa mlango wa picha. Katika Maktaba ya Bunge la Marekani aliona picha za mji wa Johnstown, Pennsylvania, baada ya bwawa kupasuka tarehe 31 Mei 1889 na mafuriko kuua zaidi ya watu 2,200. Alitaka kujua ilikuwaje, akatafuta cha kusoma, hakuridhika na alichokipata, akakiandika mwenyewe. Hakuwa na nadharia mkononi. Alikuwa na picha na swali.

Kwa mfano wetu, nyaraka ziko sehemu kadhaa. Mji wa Salem, Massachusetts, ulikuwa na wafanyabiashara waliotawala biashara ya Marekani na Zanzibar kwa miongo kadhaa. Karatasi nyingi za familia zao ziko Maktaba ya Phillips, ambayo ni ya Jumba la Makumbusho la Peabody Essex. Usikosee: jumba liko Salem, lakini tangu 2018 maktaba iko mji wa jirani wa Rowley. Humo mna karatasi za Richard P. Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar, aliyefika mwaka 1837. Barua za mabalozi hao kwenda Washington ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani, kundi namba 59, na zimepigwa mikrofilamu. Kwa upande wetu, Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, Unguja, zenye hati za Kiarabu, Kiingereza na Kijerumani.

Kama nauli ya kwenda Massachusetts hunayo (nani anayo?), anza na viwili hivi. Cha kwanza ni mkusanyo wa barua za wafanyabiashara wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, barani Afrika kuanzia 1802 hadi 1865, uliohaririwa na Norman Bennett na George Brooks na kuchapishwa mwaka 1965. Uliza katika maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Cha pili ni magazeti ya zamani ya Marekani ambayo Maktaba ya Bunge imeyaweka mtandaoni bure kwa jina la Chronicling America.

Lakini jua kutafuta. Ukiandika "Sultani wa Zanzibar" kwa Kiingereza utapata vichache, kwa sababu mwaka 1840 wahariri wa New York hawakumwita hivyo. Walimwita Imamu wa Muscat, tena mara nyingi wakiandika "Imaum". Jina la Said nalo waliliandika kila mtu alivyolisikia. Tengeneza orodha ya tahajia zote unazoweza kuzifikiria, ujaribu moja moja.

Sasa ule mtaji wetu. Mmarekani akikuta katika barua ya biashara neno "merikani" atakimbilia kamusi. Wewe bibi yako alikuwa nayo sandukuni. Ile pamba nyeupe isiyopaushwa ilishika jina la nchi ilikotoka, na jina likabaki hata pale Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe (1861 hadi 1865) vilipokata pamba ya Marekani na vitambaa vya Uingereza na India vikaingia sokoni. Vivyo hivyo sandarusi, ule utomvu mgumu. Katika barua za Salem ni bidhaa ya kutengenezea vanishi tu, lakini ukikaa na wazee wa pwani utaambiwa ilichimbwaje ardhini. Na kama unasoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu, usilifiche hilo mwishoni mwa wasifu wako. Liweke mstari wa kwanza.

Hatua ya nne: daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na nukuu ni mali. Kila unapoandika kitu, andika palepale umekitoa wapi: jina la mkusanyo, sanduku, jalada, tarehe ya barua, nani kwa nani. Piga picha ya waraka wote, si mstari ulioupenda tu, na picha ya kwanza iwe ya lebo ya jalada.

Jambo la pili ni alama za nukuu. Unaponakili maneno ya mwandishi mwingine neno kwa neno, yafunge kwa alama za nukuu tangu kwenye daftari. Mwaka 2002 Stephen Ambrose, mmoja wa wanahistoria waliosomwa sana Marekani, alibainika kuwa na vifungu katika kitabu chake vilivyofanana mno na vya mwanahistoria mwenzake, Thomas Childers. Tanbihi za kumtaja Childers alikuwa ameziweka. Alichokosa ni alama za nukuu. Aliomba radhi, lakini wakaguzi wakaanza kupekua vitabu vyake vingine. Ikiwa jina kubwa vile liliyumba kwa alama mbili ndogo, langu na lako je?

Hatua ya tano: barua ya pendekezo

Usitume makala nzima isipokuwa jarida limesema hivyo. Tuma barua ya ukurasa mmoja. Utaiandika kwa Kiingereza, ila fikra zake ziwe kama hivi:

"Mheshimiwa Mhariri,

Masika ya mwaka 1840, watu wa New York walimiminika bandarini kuitazama merikebu iliyotoka Zanzibar, nayo ilibeba tatizo: farasi wawili ambao Rais Van Buren hakuruhusiwa kuwapokea.

Napendekeza makala ya maneno 3,000 kuhusu miezi ambayo Ahmad bin Na'aman alikaa New York, merikebu yake ikikarabatiwa katika karakana ya Jeshi la Majini huko Brooklyn. Nitatumia magazeti ya wakati ule na barua za balozi mdogo Richard Waters. Picha ya mafuta ya nahodha huyo, iliyochorwa na Edward Mooney, ipo Salem.

Mwanadiplomasia Hermann Eilts aliichunguza safari hii kwa kina mwaka 1962, katika jarida la wanazuoni. Mimi nitaongeza upande wa Zanzibar: Sayyid Said alitaka nini, na bidhaa zilizorudi zilifikia mikono ya nani. Nasoma Kiswahili na Kiarabu."

Tazama aya ya mwisho. Nimemtaja aliyenitangulia. Wanaoanza huogopa, wakidhani mhariri atasema kazi imeshafanywa. Ni kinyume chake: mhariri atamgundua Eilts kwa dakika tano, na akikuta hukumtaja atajiuliza ni nini kingine hukijui.

Heshima za kwetu za kumjulia hali yeye, familia na kazi, acha. Si utovu wa adabu, ndivyo wanavyofanya. Asiyejibu baada ya wiki sita, mkumbushe mara moja kwa mistari miwili. Akinyamaza tena, peleka kwingine.

Hatua ya sita: kuandika

Anza bandarini. Usianze na mkataba wa biashara wa 1833 ambao Edmund Roberts aliufunga na Sayyid Said huko Muscat, ingawa bila mkataba ule merikebu isingekuja. Mkataba una nafasi yake, aya ya nne au ya tano, msomaji akishaanza kuuliza kwa nini mtawala wa mbali vile aliwajali Wamarekani. Maelezo yafuate swali, yasilitangulie.

Kila mtu unayemleta apewe kitu kimoja cha kumkumbukia. Ahmad bin Na'aman ana bahati, tuna sura yake, na inafaa uitazame taratibu kabla ya kuandika sentensi moja. Mabaharia wake je? Walikuwa nani, walilala wapi New York, walitazamwaje mitaani? Hata pale nyaraka zinapokuwa bahili, swali liulize ndani ya makala waziwazi. Usizibe pengo kwa mazungumzo ya kubuni. Katika historia ya umma unaruhusiwa kuandika vizuri kama mtunzi wa riwaya, huruhusiwi kutunga.

Halafu kuna jambo linaloipa hadithi hii uzito, na ukilikwepa utakuwa umeandika kadi ya sikukuu. Waters alikuwa mpinga utumwa. Shajara yake inaonyesha alivyochukizwa na biashara ya watumwa aliyoiona. Lakini huyohuyo alistawi katika soko lililosimama juu ya migongo ya watumwa, akashirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, mkuu wa forodha aliyeshika ufunguo wa bandari. Na merikani ile? Pamba yake ililimwa na watu waliokuwa watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa New England, ikaja kwetu kununua pembe za ndovu zilizotoka bara kwa jasho la wapagazi na watumwa. Pembe zikaishia kuwa vibao vya piano katika viwanda vya Deep River na Ivoryton, Connecticut. Hapo huhitaji kumhubiria mtu. Panga bidhaa kwa mfuatano wa safari zake, msomaji ataona mwenyewe.

Ukimaliza rasimu, isome kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi, ikate wewe.

Hatua ya saba: jihakiki kabla hujahakikiwa

Majarida makubwa yana wahakiki wa taarifa, watu wanaolipwa kukutilia shaka. Watakupigia kuuliza ulijuaje kwamba siku ile kulikuwa na mvua. Andaa nakala ya makala ambayo kila sentensi yenye jambo la hakika ina namba, na kila namba ina chanzo chake.

Kwa historia ya pwani yetu kuna mitego ambayo mhakiki wa New York hataiona, kwa hiyo ni juu yako. Tarehe za barua za Kiarabu ni za Hijria, na kuzigeuza kunaweza kukosea kwa siku moja. Saa za Kiswahili: mtu aliyeandika saa mbili asubuhi huenda alimaanisha saa nane ya Wazungu. "Dola" katika hesabu za Zanzibar mara nyingi ni reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, si dola ya Marekani. Frasila ni kama ratili 35, usimwachie msomaji akisie. Na usimwite Sayyid Said "Sultani wa Zanzibar" kana kwamba Oman ilikuwa nchi nyingine. Alitawala pande zote mbili hadi alipofariki mwaka 1856, na mgawanyo ulikuja baada yake.

Hatua ya nane: picha

Mhariri humpenda mwandishi anayekuja na picha. Marekani, kitu kilichochapishwa huko zaidi ya miaka 95 iliyopita hakina tena hakimiliki, na picha zilizopigwa na watumishi wa serikali kuu wakiwa kazini ni mali ya umma. Lakini mchoro wa zamani usio na hakimiliki unaweza kuwa ukutani mwa makumbusho yanayotoza ada ya nakala nzuri. Uliza mapema ada ni kiasi gani na nani atailipa, wewe au jarida.

Hatua ya tisa: mkataba na malipo

Soma mkataba wote. Tafuta haki unazouza: za kuchapisha kwa mara ya kwanza Amerika Kaskazini, au zote milele? Za kwanza ni nzuri kwako, kwa kuwa baadaye utaweza kuitoa makala kwa Kiswahili. Ukiona wanataka haki zote, omba angalau tafsiri ya Kiswahili ibaki yako. Mara nyingi hukubali, kwa kuwa hawana mpango nayo. Tafuta pia malipo ni wakati wa kukubaliwa au wa kuchapishwa (tofauti yaweza kuwa mwaka mzima), na kama utapata sehemu ya fedha endapo makala iliyoagizwa haitachapwa.

Asiye raia wala mkaazi wa Marekani kwa mambo ya kodi huombwa ajaze fomu W-8BEN. Usitishike, ni ya kueleza wewe ni nani na unaishi wapi. Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Tanzania wala Kenya, na kiwango cha kawaida cha makato ni asilimia 30 kwa mapato yanayohesabiwa kuwa ya Marekani. Kazi uliyoifanya ukiwa umeketi Tanga yaweza kuhesabiwa vingine, hivyo andika mahali ulipofanyia kazi kwenye ankara yako, na muulize mhasibu kabla ya kusaini. Uliza pia watatuma fedha kwa njia gani. Hundi ya karatasi iliyotumwa kwa posta ni mateso ninayoyajua.

Makala ikitoka, omba nakala mbili za ziada, moja uipeleke Kilimani. Acha anwani ya barua pepe chini ya wasifu wako. Baadhi ya familia za wale manahodha wa Salem bado zina masanduku darini, na mtu akikuandikia kwamba babu yake aliwahi kwenda Zanzibar, mjibu siku hiyohiyo, umwombe apige picha ya kila ukurasa, na ya kwanza iwe ya sanduku lenyewe.